Kuchora ramani ya mawazo kwa kuandika tu, ndani ya notsi zako

Kamwene wadau. Walimu wenzangu na wanachuo wa hapa Iringa wakiona notsi zangu wananiuliza swali moja, kwamba hii michoro ya matawi nachorea wapi na nalipia shilingi ngapi. Sichori na silipii. Naandika mistari ya maneno kwenye notsi za kawaida halafu programu yenyewe inachora. Leo naielekeza mwanzo mpaka mwisho kwa mtu ambaye hajawahi kushika kodi (code, maandishi ya kuielekeza kompyuta, siyo kodi ya serikali) ya aina yoyote, maana ukishamwambia mtu "andika kodi" anashtuka, anaona hayo ni mambo ya wale wa kompyuta wa pale chuo cha MUST Mbeya, kumbe hii ni nyepesi kuliko kutengeneza jedwali kwenye Word.

Kwa asiyeijua, ramani ya mawazo ni neno kuu katikati, kisha matawi makubwa yanatoka pande zote, na kila tawi lina vitawi vyake. Tony Buzan, Mwingereza, ndiye aliyeifanya ijulikane sana kuanzia miaka ya 1970, na yeye alitaka watu wachore kwa mkono kwa kalamu za rangi. Kwa mkono ni nzuri sana na wala sipingi, wanafunzi wangu nawachorisha hivyo hivyo. Ila ukishamaliza kuchora ukagundua tawi moja limekaa sehemu siyo, unafuta unaanza upya, na zile programu za kuvuta viboksi kwa mausi zina balaa lake, mtu anamaliza nusu saa nzima anapanga rangi wakati mada yenyewe bado hajaielewa. Ukiandika kwa maneno, kuhamisha tawi ni kukata mstari na kuupesti pengine, basi. Na faili lenyewe ni maandishi matupu, dogo mno, unalituma hata kwa bando la kuungaunga na litafunguka kwenye simu yoyote inayosoma maandishi.

Kinachochora kinaitwa Mermaid. Kilianzishwa na Msweden mmoja, Knut Sveidqvist, mwaka 2014, na siyo programu ya kuinstoli, kimeshawekwa tayari ndani ya programu nyingi za notsi. Ramani za mawazo ziliongezwa humo mwaka 2022, kwa hiyo kama programu yako hujaiapudeti toka zamani itagoma, anza na kuiapudeti.

Mimi natumia Obsidian na ndiyo nitakayoelekezea. Ni bure, ipo ya Android, iPhone, Windows, Mac na Linux, na ukishaidanlodi inafanya kazi bila intaneti, kitu ambacho kwa sisi tunaofundisha vijijini huko Kilolo na Mufindi ni kikubwa. Joplin nayo inachora Mermaid vizuri tu. Notion pia inachora, unaingiza boksi la kodi unachagua Mermaid kwenye orodha ya lugha, ila Notion inategemea sana mtandao. Kodi za Mermaid nitakazoweka hapa zinafanya kazi kote huko.

Haya, tuanze. Fungua Obsidian, itakuuliza utengeneze folda kuu ya notsi, ipe jina lolote. Fungua notsi mpya. Andika hivi:

```mermaid
mindmap
  root((Mkwawa))
    Chanzo
    Lugalo
    Kalenga
```

Ukitoa kidole kwenye hayo maandishi, yaani ukagusa sehemu nyingine ya notsi nje ya hilo boksi, kodi inapotea na mchoro unatokea. Ukigusa tena mchoro kodi inarudi. Imekwisha, una ramani ya mawazo. Vingine vyote ni kuongeza matawi.

Sasa mstari kwa mstari. Vile vialama vitatu vya mwanzo na vitatu vya mwisho ndivyo vinavyoiambia programu kwamba kilichomo katikati ni kodi. Siyo koma na siyo alama za kunukuu. Kwenye kibodi ya laptopu kipo juu kabisa kushoto, chini ya Esc, pamoja na kile kimawimbi. Kwenye simu yenye kibodi ya Google unabonyeza ?123, halafu kile kitufe chenye =\<, utakiona mstari wa juu kabisa. Watu wengi wanakwama hapa hapa, wanakitafuta kialama mpaka wanakata tamaa, kwa hiyo ukishakipata andika vitatu mara moja, ukopi, uvisevu kwenye notsi moja ya pembeni uwe unavichukua humo.

Neno mermaid linagusana na vile vialama, bila nafasi, kwa herufi ndogo. Mstari unaofuata ni mindmap, nalo kwa herufi ndogo tupu. Hapa simu zinatuharibia kazi, kwa sababu kibodi ya simu inapenda kuanza mstari mpya kwa herufi kubwa, unaandika mindmap yenyewe inaweka Mindmap, na Mermaid haitambui, inakwambia haijui huo ni mchoro wa aina gani. Ukiona ujumbe mwekundu wakati kila kitu kinaonekana sawa, angalia hiyo M kwanza kabla ya kuhangaika na mengine.

Mstari wa root ndiyo katikati ya ramani. Hilo neno root ni kama jina la ndani tu, halionekani kwenye mchoro, kinachoonekana ni kilichomo ndani ya mabano, na mabano mawili mawili yanaleta duara.

Sasa kiini cha yote: nafasi za mwanzo wa mstari. Mermaid haijui lipi ni tawi na lipi ni kitawi kwa njia nyingine yoyote zaidi ya kuangalia mstari umesogezwa ndani kiasi gani. Fikiria ukoo. Babu yuko kushoto kabisa, watoto wake wamesogea ndani hatua moja, wajukuu hatua mbili. Kila mstari unatazama juu yake unamtafuta wa karibu aliyesogea ndani kidogo kuliko wenyewe, huyo ndiyo baba yake. Siyo lazima ziwe nafasi mbili au nne, hata tatu sawa, ila ndugu wa tumbo moja walingane. Mimi natumia mbili mbili kwa sababu kwenye simu skrini ni nyembamba na mistari ikisogea sana ndani inakatika.

Na usichanganye kitufe cha Tab na nafasi za kawaida. Kwa macho Tab inaonekana pana kama nafasi nne, lakini ni herufi moja tu, sasa ukiweka Tab mstari mmoja na nafasi nne mstari wa chini yake, wewe unaona vimelingana na mchoro unatoka na mtoto kamzaa mjomba wake. Chagua moja ubaki nayo. Kwenye simu ni nafasi tu, hapo hamna tatizo, tatizo linaanza notsi ya simu ikifunguliwa kwenye laptopu ikaendelezwa huko.

Tuweke nyama sasa. Hii ni ya somo la Historia ya Tanzania na Maadili, mada ya upinzani wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, dhidi ya Wajerumani, na nimeichagua makusudi kwa sababu kwa watu wa huku ni habari ya nyumbani, Kalenga ipo hapo tu na mnara wa Lugalo mtu anaupita kwenye basi akitoka Dar.

```mermaid
mindmap
  root((Upinzani wa Mkwawa))
    Chanzo
      Njia ya misafara
      Hongo
      Wajerumani kuingia bara
    Lugalo 1891
      17 Agosti
      Kuvizia
      Zelewski auawa
      Bunduki zatekwa
    Kalenga 1894
      Ukuta wa mawe
      Mizinga
      Mkwawa atoroka
    Vita vya kuvizia
      Miaka minne
      Vijiji kuchomwa
      Kifo 19 Julai 1898
    Fuvu
      Versailles 1919
      Larudi 1954
      Makumbusho Kalenga
```

Angalia maneno yalivyo mafupi. Hakuna sentensi. Kila kitawi kina neno moja mpaka matatu, na hiyo siyo kwa sababu ya nafasi kwenye skrini peke yake. Ukiandika "Zelewski auawa" unatakiwa wewe mwenyewe ukumbuke kwamba Emil von Zelewski ndiye aliyekuwa anaongoza kikosi cha Wajerumani, kwamba Wahehe waliwasubiri wamejificha wakawavamia wakiwa njiani, na kwamba Wajerumani hawakutegemea kabisa kipigo cha namna ile. Ramani inakupa ndoano, wewe unavuta samaki. Mtu akihamishia aya nzima kwenye kitawi hana ramani tena, ana notsi zile zile zimepangwa vibaya.

Ila mimi kinachonifanya niipende hii njia kuliko zote ni kwamba inakulazimisha uamue. Chukua hilo tawi la Fuvu. Njia ya haraka ni kuliweka chini ya Vita vya kuvizia, maana Mkwawa alijipiga risasi 1898 na kichwa kikachukuliwa baada ya hapo, kwa hiyo kinafuatia kwenye tarehe. Sasa ukilisogeza ndani pale kama kitawi, jirani ya Kifo, ukaanza kuandika Versailles 1919 chini yake, unaona kabisa halikai. Mkataba wa Versailles ulikuwa na kifungu, cha 246, kinachoitaka Ujerumani iikabidhi Uingereza fuvu la Mkwawa, na ilichukua mpaka 1954 ndipo Gavana Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Hiyo siyo habari ya vita tena, ni habari ya siasa kati ya mataifa, ya nani anamtawala nani na nani anataka kuwapendeza watu wa hapa. Inastahili tawi lake. Nikafuta nafasi mbili kwenye kila mstari, likatoka nje likasimama peke yake. Kazi ya sekunde kumi, lakini kabla ya hizo sekunde ilibidi nijiulize hasa hili jambo ni la nini, na huko kujiuliza ndiyo kusoma kwenyewe.

Kitu kingine kinachotokea ni matawi kuanza kuongea yenyewe kwa yenyewe. Niliiweka hii ramani ukutani kwa projekta, binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "Mwalimu, kwa hiyo ule ukuta ndiyo uliwaponza?" Alikuwa anaangalia Lugalo na Kalenga pamoja, tawi moja lina Kuvizia, lingine lina Ukuta na Mizinga. Lugalo Wahehe walichagua wenyewe mahali pa kupigania, Wajerumani wamenyooshwa mstari mrefu porini. Kalenga miaka mitatu baadaye adui ndiye aliyejua waliko, amekuja na mizinga, na ngome haikimbii. Kisha ukishuka tawi la Vita vya kuvizia unaona Mkwawa anarudi kwenye kuvizia na anadumu miaka minne. Nimefundisha hii mada kwa aya na tarehe na swali kama lile halikuwahi kutoka darasani. Nikamwambia andika hilo swali lako kwenye daftari, ndiyo jibu lako la mtihani hilo.

Haya turudi kwenye kodi, kuna mitego ambayo lazima muijue.

Mtego mkubwa ni mabano. Kwenye Mermaid mabano yana kazi ya kuchagua umbo, kwa hiyo ukiandika kama tunavyoandika siku zote, Kalenga (1894), Mermaid inaelewa kwamba Kalenga ni jina la ndani na 1894 ndiyo ya kuonyesha, mchoro unatoka na kiboksi kimeandikwa 1894 peke yake, Kalenga haipo. Haikupi ujumbe wa kosa wowote ndiyo maana unaweza usigundue. Njia rahisi ni kuacha mabano kabisa, tumia koma au acha nafasi kama nilivyofanya juu. Kama ni lazima mabano yawepo, yafunge ndani ya alama za kunukuu hivi:

```mermaid
mindmap
  root((Mkwawa))
    k["Kalenga (1894)"]
    l["Lugalo (1891)"]
```

Hiyo k na l ni majina ya ndani, weka herufi yoyote. Wenye iPhone muwe makini hapo, simu zenu zinapindisha alama za kunukuu zikawa zile za mviringo za vitabuni, na hizo Mermaid haizitambui kama alama za kunukuu. Nenda kwenye setingi za kibodi uzime hicho kitu, wanakiita Smart Punctuation.

Mzizi ni mmoja tu. Ukiwa na mistari miwili iliyo kushoto kabisa sawa na root, inagoma inakwambia hairuhusiwi mizizi miwili. Hii huwa inatokea ukipesti tawi kutoka notsi nyingine na lenyewe likaja bila nafasi za mwanzo. Isogeze mistari yote ndani, inakubali.

Mstari mrefu ambao huna namna ya kuufupisha unaweza kuukata kwa kuweka 
 alama hii, <br/>, katikati, maneno yaliyobaki yanashuka chini. Ukitaka kuacha maelezo yako mwenyewe ambayo hayataonekana kwenye mchoro, tuseme unajikumbusha kuhakiki tarehe fulani, weka mstari wake peke yake unaoanza na %% halafu andika utakacho.

Maumbo yapo na ni haya: mabano ya kawaida mawili mawili ni duara, moja moja ni boksi la kona za mviringo, mabano ya mraba ni boksi la kona kali, mabano ya nyoka mawili mawili yanaleta pembe sita, na ukiyageuza mabano ya kawaida yakaangaliana nyuma, )hivi(, unapata wingu. Usiyatumie kwa urembo. Mimi duara ni la katikati tu, na wingu nimelitenga kwa kitu ambacho bado kina mjadala au sijakihakiki, kwa hiyo nikifungua ramani ya miezi iliyopita naona mawingu najua hapa bado nina deni. Vialama vya picha achana navyo, kuna namna ya kuviita kwa ::icon lakini vinahitaji fonti maalum ambayo kwenye Obsidian haiji nayo, tumia emoji za kawaida za simu, zinakaa vizuri tu. Rangi nazo Mermaid inachagua yenyewe, kila tawi kubwa na rangi yake, na mpangilio wa matawi kushoto kulia pia ni wake. Kama wewe ni mtu wa kutaka tawi fulani lazima liwe juu kulia hapo utapata presha, na mimi nasema hiyo ndiyo faida, inakuondolea mambo ya kupanga unabaki na ya kufikiri.

Ukubwa. Kwenye simu ramani yote inabanwa itoshee upana wa skrini, kwa hiyo ukiwa na matawi makubwa kumi herufi zinakuwa kama sisimizi. Tano mpaka saba yanatosha, ngazi tatu zinatosha. Tawi likizidi kunenepa, lifungulie notsi yake na liwe mzizi wa ramani mpya, na kwenye notsi ya kwanza weka linki ya Obsidian chini ya mchoro, nje ya boksi la kodi, siyo ndani. Ile ya Lugalo kwangu imeshakuwa ramani yake yenyewe.

Kuna njia ya pili ambayo kwa baadhi ya watu itafaa zaidi, Markmap. Hii haina kodi kabisa kabisa, inachukua vichwa vya habari vya kawaida vya Markdown (namna ya kupanga notsi kwa alama za kibodi), zile alama za reli, #, na kuvigeuza matawi. Uzuri wake mkubwa ni kwamba matawi yanafungwa na kufunguka ukiyabonyeza, kwa hiyo mbele ya watu unaonyesha tawi moja kwanza mkalijadili mkamaliza, ndipo unafungua lingine. Unaingia markmap.js.org, kuna sehemu ya kujaribu, unapesti maandishi yako upande mmoja ramani inatokea upande wa pili, na unaweza kuidanlodi kama faili la HTML ukaifungua kwenye brauza yoyote. Kwenye Obsidian zipo plagini, yaani viongezo vya programu, zinazofanya hivyo hivyo, tafuta Mindmap NextGen kwenye orodha ya plagini za jamii.

Hii nampendekezea sana bwana shamba au kiongozi wa kikundi, kwa sababu maandishi yake yanasomeka hata na mtu asiyejua kama kuna ramani. Mfano wa viazi mviringo, wenzetu wa Uyole na Njombe mtanielewa:

```
# Viazi mviringo
## Mbegu
- Safi, isiyo na mnyauko
- Iliyochipua vizuri
## Kupanda
- Mstari kwa mstari 75 sm
- Shina kwa shina 30 sm
## Magonjwa
- Ukungu
  - Mvua na baridi
  - Piga dawa mapema
- Mnyauko wa bakteria
  - Hauna dawa
  - Ng'oa, badilisha zao
## Kuvuna
- Kata majani wiki mbili kabla
- Ngozi ikomae
## Kuhifadhi
- Gizani, mwanga unaleta kijani
## Soko
- Uza kwa kilo
- Lumbesa
```

Ona tawi la Magonjwa linavyofanya kazi. Ukungu na mnyauko vyote vinafanya shamba linyong'onyee na mkulima anaweza kukimbilia duka la pembejeo anunue dawa kwa vyote viwili, lakini vikikaa ubavu kwa ubavu kwenye ramani anaona mmoja una "piga dawa mapema" na mwingine una "hauna dawa". Hela ya dawa imeokoka hapo. Halafu mnyauko wa bakteria unasafiri ndani ya mbegu, kwa hiyo ukiwa makini unaona neno mnyauko limejitokeza tawi la Mbegu na tawi la Magonjwa, na mkulima mwenyewe atakwambia kumbe ugonjwa naununua na mbegu. Hapo hujamhubiria.

Ya tatu nitaipita haraka, PlantUML. Hii ni ya zamani kuliko Mermaid, ilianza 2009, inatumia nyota badala ya nafasi: nyota moja mzizi, mbili tawi, tatu kitawi, na unaanza na @startmindmap unamaliza na @endmindmap. Faida yake ni kwamba hakuna habari ya Tab na nafasi, nyota unazihesabu kwa macho, na ukiandika left side kwenye mstari wake matawi yanayofuata yanahamia kushoto. Hasara ni kwamba kwenye Obsidian na Joplin inahitaji plagini, na mara nyingi plagini inapeleka maandishi yako kwenye seva ya mbali ili ichorwe huko, maana yake bila intaneti hamna mchoro, na kama notsi zako zina mambo ya watu, majina ya wagonjwa au ya wanafunzi, usizipitishe huko. Kama huna sababu maalum baki na Mermaid.

Siku hizi wengi wanaipa ChatGPT mada na kuiambia itengeneze kodi ya Mermaid, na kwa kuwa ni maandishi inaweza, inatoa ramani nzuri ya kuvutia ndani ya sekunde chache. Mimi naomba, hasa kwa wanafunzi, isiwe hatua ya kwanza. Anza wewe, hata kama ni matawi matatu mabovu, kwa sababu ile kazi ya kuamua Fuvu likae wapi ukimwachia mwingine umemwachia somo lenyewe. Ukishamaliza ya kwako unaweza kuiomba ikuonyeshe ulichosahau, na tarehe zote utakazoletewa uzihakiki kwenye kitabu.

Kushirikisha wengine. Ukitaka mwenzako aweze kuendeleza ramani, mtumie faili lenyewe la notsi lenye .md kama dokumenti kwenye WhatsApp, usipesti kodi kwenye ujumbe, kwa sababu WhatsApp nayo inatumia vile vialama vitatu kwa mambo yake ya kubadilisha mwandiko. Kama anataka kuangalia tu, skrinshoti inamtosha.

Kuprinti kwa ajili ya ukutani au mtihani wa majaribio, skrinshoti haifai, itatoka na ukungu. Kopi kodi bila vile vialama vya mwanzo na mwisho na bila neno mermaid, anzia kwenye mindmap, nenda mermaid.live, pesti, utaona mchoro, halafu pale kwenye Actions unadanlodi PNG au SVG. SVG haipotezi ubora hata ukiikuza iwe bango, ila steshenari nyingi za mtaani kompyuta zao zitaifungua kwenye brauza na vijana hawatajua waiprinti vipi, kwa hiyo beba zote mbili kwenye flashi, na hiyo PNG chagua upana mkubwa, pikseli 3000 hivi kwa karatasi ya A3. Mwenye laptopu anaweza pia kutoa notsi nzima kama PDF moja kwa moja kutoka Obsidian, mchoro na maelezo yake ya chini vikaenda pamoja. Na ukimpelekea printa ya nyeusi na nyeupe, angalia kwanza kama maandishi ya juu ya zile rangi nzito yanasomeka, hasa ya njano na ya bluu iliyokolea, la sivyo lipa rangi.